Risiva ya Majuu Haitakuonyesha Mvua ya Ngong

Wasee wa ndege ndogo, hii ni yenu. Na kama hujawahi kukaa ndani ya Cessna maishani mwako, soma tu, kwa sababu hizo ndege zinapita juu ya paa lako kule Lang'ata na South C kila siku ya Mungu.

Swali ninaloulizwa sana na wanafunzi wa urubani ni hili: "Kuna cousin anakuja kutoka Marekani Desemba. Nimwambie aniletee risiva gani ya kuonyesha trafiki na hali ya hewa?" Msimamo wangu ni mfupi, na najua kuna watakaonuna. Kama unarukia Kenya, toa "hali ya hewa" kwenye hilo swali. Nunua risiva ya trafiki, basi. Hali ya hewa utaitafuta kwingine.

Tuelewane kwanza tunaongea juu ya nini. Hiki ni kiboksi kidogo, vingi vinatoshea kiganjani. Unakibandika kwenye dirisha la pembeni, kinaunganika na tableti yako kwa Wi-Fi au Bluetooth, na ramani unayotumia kurukia inaanza kuonyesha ndege zilizo karibu nawe. Nyuma yake kuna mfumo unaoitwa ADS-B. Ndege yenye mtambo huo inajua ilipo kwa GPS, halafu kila sekunde inajitangaza kwa redio: mimi ni fulani, niko hapa, kimo changu ni hiki, naelekea kule. Risiva yako kazi yake ni kusikiliza. Haihitaji bando wala laini ya simu.

Sasa, hapa ndipo mambo yanapoachana. Masafa ya ADS-B yanayotumika duniani kote ni megahazi 1090. Marekani ikaongeza ya pili, megahazi 978, kwa ndege zinazoruka chini ya futi 18,000. Kwenye hiyo 978, mamlaka yao ya anga, FAA, ilijenga stesheni za ardhini nchi nzima zinazorusha bure picha za rada ya mvua, ripoti za viwanja, utabiri na maonyo. Huduma hiyo inaitwa FIS-B. Ndiyo ile unayoiona kwenye video, rubani wa Texas anaonyesha wingu jekundu na kijani kwenye tableti yake na kulikwepa kama mtu anayekwepa shimo barabarani.

Wingu hilo halitoki kwenye kiboksi. Linatoka kwenye stesheni za FAA. Na Kenya hatuna hata stesheni moja ya FIS-B. Ukifika Wilson na kiboksi chako kipya, upande wa 978 utakaa kimya kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hakijaharibika, hakuna anayeongea tu. Risiva za bei kubwa zinazochukua hali ya hewa kwa setilaiti ya SiriusXM ni vilevile: huduma hiyo ni ya Amerika Kaskazini. Utalipa zaidi kupata kimya cha daraja la kwanza.

Na hata huko Marekani picha ya mvua si ya kuaminiwa kama macho. Mwaka 2012 NTSB, wachunguzi wao wa ajali, walitoa tahadhari kwamba umri ulioandikwa kwenye picha ya rada unaweza kumdanganya rubani, kwa sababu mvua yenyewe inaweza kuwa imepimwa dakika 15 hadi 20 kabla ya saa iliyoandikwa. Dakika 20 ni nyingi sana kwa dhoruba inayotembea. Kwa hiyo hata ambaye anayo, anaitumia kukaa mbali na mvua. Haitumii kupenya katikati yake.

Basi sisi tufanyeje? Kabla ya kuruka, soma METAR na TAF kama kawaida, ongea na watu wa Idara ya Hali ya Hewa, angalia picha za setilaiti ya Meteosat zinazotoka kila dakika 15. Ukiwa juu, uliza redio. Waulize waliotangulia mbele yako. Ukiwa njia ya Turkana au ndani ndani ya Mara, simu itakwisha mtandao mapema kuliko unavyodhani. Ndiyo maana nasema doh utakayookoa kwa kutonunua risiva ya kifahari, iweke kwenye kifaa kidogo cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, chenye kitufe cha SOS. Hicho kinafanya kazi Lodwar sawa na kinavyofanya Colorado. Na ile baridi ya Julai, mawingu yakilala juu ya Ngong asubuhi, dawa yake ni kusubiri chai ya pili. Hakuna gadget inayoshinda kusubiri.

Haya, trafiki sasa. Hapa ndipo nataka mtoe pesa bila kulia.

Piga hesabu nami. Ndege mbili ndogo zinakuja uso kwa uso, kila moja kwa mwendo wa noti 110. Zinakaribiana kwa noti 220, yaani kama mita 113 kila sekunde. FAA kwa miaka mingi imefundisha kwamba rubani anahitaji takriban sekunde 12.5 tangu aone kitu mpaka ndege yake ianze kukwepa: aone, atambue ni ndege, agundue watagongana, aamue, mkono usonge, ndege nayo iitikie. Zidisha. Ni kilomita 1.4. Cessna 172 ina mabawa ya mita 11 hivi. Itafute mita 11 umbali wa kilomita 1.4, jua likiwa machoni, huku unaongea na mnara na mkufunzi anakuuliza mbona kimo kimeshuka.

Hii si hadithi ya mbali. Tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 yenye watu 44, iliyokuwa imetoka Wilson ikielekea Diani, iligongana angani na Cessna 172 ya mafunzo. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Waliokuwa ndani ya Cessna, wawili, walifariki, na mabaki yakaanguka ndani ya Mbuga ya Nairobi. Sisemi kiboksi cha dirishani kingewaokoa. Hilo ni la wachunguzi, si la mtu wa kontenti. Ninachosema ni kwamba ule uwanja una ndege za abiria, za kitalii, za madaktari, helikopta na wanafunzi, wote wakigawana kipande kimoja cha anga. Hapo, kila macho ya ziada ni ya maana.

Kwa hiyo ukinunua, angalia haya.

Kwanza, 1090 ndiyo mfalme. Usilipe ziada kwa sababu kifaa kina masafa mawili, maana moja kati yake halina kazi hapa. Watu wa kujitengenezea wanaijua Stratux: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, redio ya USB iliyozaliwa kama kifaa cha kutazamia televisheni ya kidijitali, kipokezi cha GPS, na programu ya bure. Kit ya Marekani inakuja na redio mbili. Wewe moja inakutosha. Kama unajua kuunganisha, hapo umeokoa.

Pili, uliza kinaongea na programu gani. Sentry imetengenezewa ForeFlight, na inafanya kazi vizuri sana ukiwa na iPad na unalipia ForeFlight kila mwaka. Kama una Android, au unatumia SkyDemon, Sentry itakuwa pambo. GDL 50 ya Garmin inaelewana na Garmin Pilot na pia ForeFlight. Stratux inazungumza lugha ya GDL90, ambayo programu nyingi zinaielewa. Chagua programu kwanza, kiboksi baadaye. Watu wengi wanafanya kinyume, kisha wanakuja kuuliza nani ananunua risiva ikiwa bado kwenye karatasi yake.

Tatu, na hii watu huiruka: hakikisha kina barometa ndani. Ndege nyingine zinatangaza kimo chao kwa kipimo cha shinikizo la hewa. Risiva isiyo na barometa inakadiria kimo chako kwa GPS. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari na hewa yake ni ya joto kuliko hewa ya vitabu kwa kimo hicho, kwa hiyo vipimo hivyo viwili vinaweza kutofautiana kwa mamia ya futi. Skrini itakwambia jamaa yuko chini yako kwa mbali, kumbe mko naye sare. Kwa kazi hii, kosa la futi mia tatu si kosa dogo.

Nne, betri na joto. Sentry inatangazwa kwa saa 12, GDL 50 kwa saa 8, Stratux inategemea power bank yako. Lakini ukikiacha juu ya dashibodi kwenye jua la Magadi, kitazima kabla betri haijafika nusu. Kibandike dirisha la pembeni. Na ujue mwili wa ndege huziba mawimbi, kwa hiyo kuna pande ambazo hakitasikia vizuri. Jaribu sehemu mbili tatu ukiwa bado chini.

Tano, kama ndege yako yenyewe inatangaza ADS-B, ingiza namba yake ya ICAO kwenye mipangilio. Bila hivyo utajiona mwenyewe kama trafiki na kupigiwa kelele ukikimbia kivuli chako. Wanaokodi ndege za shule, hii mfanye kila mara mkibadilisha 5Y.

Nyongeza moja: Sentry ya kawaida ina kitambuzi cha kaboni monoksidi, ile gesi isiyo na harufu inayoweza kuvuja kutoka kwa eksozi hadi kwenye hita ya ndege. Kama ndege unayokodi ni mzee kukuzidi, hicho kipengele ni cha thamani kuliko rangi zote za mvua.

Sasa ukweli mchungu. Risiva inasikia wanaoongea tu. Ndege isiyo na mtambo wa kutangaza haitaonekana kwenye skrini yako, iwe inakuja kwa pua yako. Marekani wana stesheni zinazochukua taarifa za rada na kuwarushia marubani picha ya ndege zilizo kimya. Hapa hatuna hiyo. Kwa hiyo skrini tupu isikupe amani. Maana yake ni kwamba hujasikia mtu. Haisemi kwamba hakuna mtu.

Kuna wakufunzi wanaosema vitu hivi vitawafanya wanafunzi wakodolee tableti badala ya nje. Wana haki ya kuogopa. Lakini dawa ni kufundisha matumizi, si kupiga marufuku. Unganisha sauti ya tahadhari na hedseti, ili kiboksi kikwambie "saa mbili, juu kidogo" na macho yako yaende moja kwa moja hapo. Kikitumika hivyo, kinarudisha macho nje.

Na hapa nawageukia wakubwa. Risiva elfu moja hazina maana kama wanaotangaza ni wachache. Marekani ililazimisha ADS-B kwenye sehemu kubwa ya anga yake inayodhibitiwa kuanzia Januari 1, 2020. Uingereza ilichagua njia nyingine: mwaka huohuo ikaanza kuwarudishia marubani nusu ya gharama ya vifaa vya kuonekana, hadi pauni 250 kwa mtu, vikiwemo vidogo vya kubeba mkononi vinavyotangaza na kusikiliza kwa pamoja. Australia nayo ikarudisha nusu, hadi dola zao 5,000. Walielewa kwamba kifaa changu cha kutangaza kinamlinda jirani kuliko kinavyonilinda mimi, kwa hiyo si haki gharama yote iwe yangu.

KCAA inaweza kuanza na Wilson na maeneo ya mafunzo tu. Itoe mwongozo ulio wazi kuhusu vifaa vya kubeba vinavyotangaza, kipi kinakubalika na kwa masharti gani. Hazina nayo iangalie ushuru wa vifaa hivi kwa jicho la usalama. Na shule za urubani zisisubiri kulazimishwa: ndege inayobeba mwanafunzi wa saa kumi za kwanza ndiyo ingetakiwa kuonekana kuliko zote angani.

Hadi hapo, usimtume cousin kitu kinachotangaza mawimbi kabla hujauliza KCAA na Mamlaka ya Mawasiliano. Cha kusikiliza, mwambie alete. 1090, barometa, programu unayoitumia tayari. Mvua ya Ngong utaiangalia kwa dirisha.