Mwamba Hauulizi Namba ya Siri

Niseme mapema tusipotezeane muda: mtu anayevuka bahari kwa tanga huku ramani zake zote ziko ndani ya kioo si mwanamaji wa kisasa. Ni abiria. Amenunua chombo, amevaa kofia ya nahodha, lakini ni abiria tu, na atajua hivyo siku kioo kitakapozima.

Najua utauliza mimi ni nani. Sina cheti cha ubaharia. Hata cha chuo sina: nilisomea upimaji ardhi miaka miwili na nusu, ada ikanishinda, nikarudi nyumbani kuandika makala za kulipwa kwa idadi ya maneno. Kazi hiyo ndiyo iliyonipandisha kwenye boti moja ya tanga pale Kilifi, Februari moja, kaskazi ikivuma vizuri. Mwenye boti alikuwa anaanza safari ndefu ya kushuka hadi Afrika Kusini, na alitaka mtu wa kuandika kipande cha kwanza, Kilifi mpaka Unguja.

Tulikuwa watatu. Mwenye boti, mimi, na mzee mmoja wa Lamu aliyekodiwa avute kamba. Nasema "avute kamba" kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Ramani hazikumhusu. Ramani zilikuwa kwenye tableti, tableti ilikuwa ya mwenye boti, na ilikuwa na namba ya siri.

Tuling'oa nanga saa nne asubuhi. Kufikia magharibi, mwenye boti alikuwa amelala chini na ndoo kifuani. Si kosa lake, bahari humshika yeyote. Mimi na Mzee tukagawana zamu. Kama saa nane usiku tableti ikaisha chaji. Nikaichomeka, ikawaka, ikaomba tarakimu sita. Nikashuka kumwamsha mwenyewe. Akanipa tarakimu tano, akarudi kwenye ndoo.

Nikatoa simu yangu. Hakuna mtandao. Kwenye Google Maps nikaona doti ya samawati juu ya samawati tupu. Basi. Mahali fulani upande wa kulia kulikuwa na miamba ya Kisite na Mpunguti, kushoto kisiwa cha Pemba, nasi katikati gizani, upepo ukitusukuma kuelekea bara.

"Inauliza nini hiyo, mwanangu?" Mzee akasema.

"Namba ya siri, Mzee."

"Ah. Mwamba hauulizi namba ya siri."

Akafungua mfuko wake wa plastiki. Ndani kulikuwa na daftari la shule, lile la kurasa tisini na sita, na fotokopi ya ramani ya bahari iliyokunjwa hadi mikunjo ikawa myeupe. Kumbe tangu tutoke Kilifi alikuwa anaandika kila saa: wakati, tunaelekea wapi kwa dira, tunakwenda kasi gani. Kifaa cha kupima kasi kilikuwa kinasema maili tano na nusu za bahari kwa saa. Yeye aliandika nne na nusu. Nikamuuliza mbona anaibia boti maili nzima. Akanieleza kama anayemweleza mtoto: mkondo wa pwani hii huenda kaskazini hata wakati wa kaskazi, nguvu tu ndiyo hupungua. Maji yanaturudisha nyuma huku kifaa kinahesabu tunavyoyakata.

Tukaweka alama kwa penseli. Nikambonyeza yule doti wa kwenye simu mpaka akatoa latitudo na longitudo, tukazipima kwenye fotokopi. Tofauti kati ya penseli ya Mzee na setilaiti ilikuwa maili mbili hivi. Alama zote mbili zilisema jambo moja: tumesogea sana upande wa bara. Tukageuza omo kidogo kushoto. Alfajiri Pemba ikatokea pale tulipoitarajia.

Nilipomtumia mwenye boti makala, aya ya daftari ilirudi imekatwa. Niliombwa niweke sentensi mbili kuhusu jinsi programu za ramani zinavyorahisisha maisha. Niliziweka. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Hii hapa ndiyo aya iliyokatwa, pamoja na riba.

Kwanza tuelewe kioo kinavyofanya kazi, maana wengi hudhani ramani ya elektroniki ni karatasi iliyopigwa picha. Zipo za hivyo, lakini nyingi za siku hizi ni tabaka za data: kina cha maji tabaka moja, miamba jingine, maboya jingine. Programu huamua ikuonyeshe nini kulingana na umbali unaoangalia. Ukirudi nyuma uone bahari nzima, huficha mambo ili kioo kisijae. Mara nyingi huo ni msaada. Wakati mwingine kilichofichwa ndicho kitakachokuzamisha.

Si hadithi ya kutunga. Novemba 29, 2014, katika mashindano ya Volvo Ocean Race, chombo kilichoitwa Team Vestas Wind kilikuwa kikitoka Cape Town kwenda Abu Dhabi. Giza limeshaingia, kasi maili 19 za bahari kwa saa, kikapanda moja kwa moja juu ya miamba ya Cargados Carajos, kaskazini mashariki mwa Mauritius. Hiyo ni Bahari ya Hindi, bahari yetu hii hii. Na Cargados Carajos si kijiwe. Ni fungu la miamba na visiwa lenye urefu wa makumi ya kilomita. Watu tisa waliokuwemo waliokoka wote. Mwongoza njia alikiri hadharani kwamba hakuikuza ramani vya kutosha. Ripoti ya wachunguzi huru ya 2015 haikumlaumu yeye peke yake: ilitaja pia namna ramani za elektroniki zinavyoonyesha hatari unapoangalia eneo kubwa.

Sasa fikiria: hao walikuwa miongoni mwa mabaharia bora duniani, wenye vifaa ambavyo wewe na mimi hatutavigusa maishani. Watetezi wa kioo hujibu, "Kosa la mtu, angekuza." Sawa. Lakini mchoraji wa ramani ya karatasi hana kitufe cha kukuza. Ana ukubwa mmoja tu, kwa hiyo analazimika kujiuliza mapema ni kitu gani kitamuua msomaji wake, na hicho akichore. Kioo kinamwachia msomaji swali hilo, tena saa ambayo amechoka na hajui kwamba kuna swali.

Nakuja kwa hoja za upande wa pili, na baadhi zina uzito.

"Karatasi ni ghali na nzito." Kweli. Seti kamili ya kuvuka bahari inaweza kujaza meza, na kila ramani ni pesa. Lakini hakuna aliyesema ubebe kila ghuba ya dunia. Beba ya bahari nzima, beba za pale utakapokaribia nchi kavu, beba za bandari mbili tatu za kukimbilia mambo yakiharibika. Mtu aliyenunua boti ya mamilioni akikuambia hana hela ya ramani kumi, mtazame machoni.

"Karatasi hupitwa na wakati." Kweli pia. Inabidi uisahihishe kwa mkono kila matangazo mapya yanapotoka. Ila kioo nacho husasishwa tu ukikumbuka kusasisha, na chini ya rangi zake nzuri mara nyingi kuna vipimo vile vile vya zamani. Hapa elimu yangu ya nusu inafaa: kuna sehemu za dunia zilizopimwa kwa nyota na sekstanti, na kisiwa kwenye ramani hakilingani na setilaiti inavyosema. Doti lako linaweza kuwa sahihi kabisa juu ya ramani iliyokosea. Kioo hakitakuonyesha aibu hiyo usoni.

"Nina vifaa vitatu, kimoja kikifa viwili vipo." Vitatu vinavyokula umeme ule ule na kusikiliza setilaiti zile zile. Radi moja ikipiga mlingoti inaweza kuviua vyote. Na setilaiti zenyewe si za mama yako. GPS ni mfumo wa jeshi la Marekani. Mpaka Mei 2000 walikuwa wanaharibu makusudi usahihi wa mawimbi tunayopewa raia. Juni 2017, meli kadhaa katika Bahari Nyeusi ziliambiwa na vifaa vyao kwamba ziko uwanja wa ndege. Mei 2025, meli ya makontena MSC Antonia ilikwama karibu na Jeddah, na wachambuzi wakataja kuvurugwa kwa GPS. Hiyo ndiyo Bahari ya Shamu, njia ya yeyote anayetoka kwetu kwenda Suez.

Halafu kuna hoja ninayoisikia kwa wasee wa rika langu: karatasi ni ukoloni, nahodha wetu walisafiri kwa nyota. Hapa lazima tuwe wakweli. Ndiyo, ramani za karatasi za pwani hii zilitokana na wanamaji wa Uingereza. Kapteni Owen aliipima miaka ya 1820, na hakutumwa kwa ajili yetu. Na ndiyo, 1498 Vasco da Gama alifika Malindi na vifaa vyake vyote, na bado alihitaji kupewa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Lakini fikra za kwamba ukikataa karatasi unarudi kwa nyota ni uongo mtamu. Ukikataa karatasi leo unaenda kwenye tableti, na tableti haikutengenezwa Pate. Yule mzee wa Lamu hakuona aibu kutumia fotokopi ya ramani ya Waingereza. Aliandika juu yake kile ambacho Waingereza hawakuwepo kukihisi: maili moja ya mkondo.

Na hiyo ndiyo hoja yangu hasa. Simaanishi kwamba karatasi haikosei. Namaanisha kwamba karatasi hukulazimisha ufikirie, na hufikiriwa hadharani. Ili uweke alama lazima ujue umetoka wapi, saa ngapi, kasi gani, maji yanaenda wapi. Alama ikikaa mezani, kila mtu anaiona na kila mtu anaweza kuipinga. Mvuta kamba anaweza kusema, "Hapa umekosea." Kioo kinatoa jibu bila kuonyesha hesabu, kwa mtu mmoja, mwenye namba ya siri. Baharini hiyo ni hatari. Nchi kavu tayari tunaijua tabia hiyo.

Je, tutupe vifaa baharini? Hapana. Mtazame Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini. Katika Golden Globe Race ya 2022, mashindano ya kuzunguka dunia peke yako bila GPS, kwa karatasi na sekstanti, boti ya mwenzake Tapio Lehtinen ilizama ndani ya dakika chache kusini mashariki mwa Afrika Kusini, akabaki kwenye boya la kujiokolea. Waandaaji wakamruhusu Kirsten afungue GPS yake ya dharura ili amfikie. Akaifungua, akamwokoa, akarudi kwenye karatasi, na Aprili 2023 akashinda mbio nzima. Hivyo ndivyo kifaa hutumiwa na mtu asiyekuwa mtumwa wake. Kama hukuweza kufika bila kifaa, basi hukikuchagua. Kilikuchagua.

Na muda wa kuchagua unaisha. Shirika la Marekani la NOAA lilitangaza 2019 kwamba linaacha ramani zake za jadi za karatasi, na kufikia mwanzo wa 2025 lilikuwa limemaliza. Waingereza, ambao ramani zao ndizo hutumika zaidi hapa kwetu, walisema 2022 kwamba wataacha kufikia 2026. Kelele zikapigwa, wakasogeza mpaka angalau 2030. Kelele zilisaidia. Kumbuka hilo.

Kwa hiyo ninyi wenye boti pale Kilifi na Mtwapa, tandazeni ramani mezani kabla ya kung'oa nanga, na muiteni kila mtu aitazame, pamoja na yule mliyemkodi avute kamba. Na wewe kijana unayetafuta kazi ya ubaharia, kwa sababu najua mpo, usikubali kuondoka bandarini bila kuonyeshwa mnapita wapi. Ukikatazwa, shuka. Kama huwezi kushuka kwa sababu kodi imefika, na mimi siwezi kukucheka kwa hilo, basi nunua daftari la kurasa tisini na sita na penseli. Andika saa. Andika dira. Andika kasi, halafu toa maili moja.