Drafti Si Uvivu, Simu Ndiyo Itakumaliza

Ukishuka Salama, pale kwenye barabara kuu ya Mombasa, utawakuta vijana wa boda wameinamia ubao wa drafti. Kete ni vifuniko vya soda: kumi na viwili vimelala kifudifudi, kumi na viwili chali. Mpita njia husema, "Hawa hawana kazi." Si kweli, ndugu msomaji. Kungoja ni nusu ya kazi yao. Abiria haji kwa saa unayotaka wewe.

Na hawakuanza wao. Zamani za dola ya Roma, wanajeshi waliolinda mpaka wa kaskazini mwa Uingereza walikaa siku nyingi bila vita. Katika ngome yao ya Vindolanda umepatikana ubao wa mchezo uliochorwa kwenye jiwe. Walicheza latrunculi: ukiibana kete ya mwenzako pande mbili, umeila. Hapa kwetu pia, Hyrax Hill karibu na Nakuru, kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba.

Lakini Waroma walikuwa pia na dadu, na hapo ndipo pesa zilipotea. Sheria yao ilikataza kamari ya dadu, isipokuwa kwenye sikukuu ya Saturnalia mwezi Desemba. Watu walicheza tu.

Dadu yetu leo iko kwenye simu. Najua kwa sababu imenila. Siku moja nilikaa stejini nikingoja abiria, nikabeti mara moja, nikaongeza ya pili nirudishe ya kwanza. Jioni sikuwa na pesa ya mafuta wala ya mkopo wa pikipiki. Hakuna aliyeniita mvivu siku hiyo, maana kijana aliyeshika simu huonekana ana shughuli!

Kwenye drafti ukifungwa unajua ulikosea wapi. Jamaa wanakucheka, unapanga kete upya, na kesho unaweza kumfunga aliyekufunga. Simu haikuonyeshi kosa lako, na hela iliyokula hairudi.

Kwa hivyo wewe mzazi, ukipita stejini ukaona ubao, usiwatukane hao vijana. Uliza nani anaongoza. Nawe ndugu yangu wa boda, cheza, lakini usiweke dau hata la soda. Pesa ya mkopo haichezewi. Na ukihisi kidole kinawasha kubeti, weka simu mfukoni, uvute jiwe ukae. Tutakupangia kete.