Kutoa sahani kwenye chuma si uoga

Kuna ugonjwa mmoja kwenye gym za wachezaji wetu ambao hauandikwi kwenye ripoti ya daktari wa timu. Ni aibu ya kupunguza uzito. Mchezaji akishachuchumaa na kilo 100 begani wiki iliyopita mbele ya wenzake, leo atazibeba hizo hizo hata kama jana ametoka safari ya basi na mgongo umekaza. Akitoa sahani mbili tu, ataambiwa amelegea. Basi anang'ang'ana, anasifiwa, halafu Jumamosi kocha anamhitaji winga wa kukimbia na yeye ameshika nyama za paja dakika ya 20.

Kwa staa wa Simba au Yanga, wiki sita nje ni maumivu ila mshahara unaingia. Kwa kijana wa Championship au yule aliye kwenye majaribio, wiki sita ni nafasi imekwenda kwa mtu mwingine. Hapo ndipo suala hili linapokuwa zito kuliko chuma chenyewe.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi wachezaji waache vyuma. Bado wapo makocha wa kizamani wanaoamini gym inamfanya mchezaji kuwa mzito, na hao nao wanatuchelewesha. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wachezaji 17 wa Rosenborg ya Norway, timu iliyokuwa mgeni wa kawaida kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya enzi hizo. Waliokuwa na nguvu zaidi ya kuchuchumaa na chuma ndio waliokimbia kasi zaidi na kuruka juu zaidi. Nguvu ni mali. Swali ni lini uikaze na lini uilegeze.

Dalili ya kwanza ipo wazi, na kocha yeyote mwenye macho anaiona. Mgongo ukianza kupinda, magoti yakaingia ndani, kiuno kikatangulia juu huku kifua kimebaki chini, uzito huo umeshamzidi siku hiyo. Siyo kesho, ni pale pale. Dalili ya pili ni mwendo wa chuma. Marudio ya kwanza yalipanda vizuri, ya tatu yanapanda kama daladala yenye mzigo kwenye mlima. Wengi wanadhani hapo ndipo mazoezi yanaanza. Kwa mnyanyua vyuma wa mashindano, labda. Kwa mchezaji wa mpira mwenye mechi wikiendi, hapo seti imeisha.

Halafu kuna maumivu. Misuli kuuma baada ya tizi ni kawaida, haihitaji mtu kukimbilia hospitali. Ila maumivu ya goti, nyonga au mgongo yanayochoma wakati chuma kinashuka ni habari nyingine. Huyo apunguze hadi pale ambapo hapati maumivu, na kama hata chuma kitupu kinamuuma, aachane nacho amwone daktari.

Apunguze kiasi gani? Hesabu inayotumika sana na makocha wa vyuma ni rahisi. Mchezaji akishindwa kumaliza marudio aliyopangiwa katika vipindi viwili au vitatu mfululizo, anashuka kama asilimia 10. Wa kilo 100 anarudi 90, kisha anapanda kilo mbili na nusu kila kipindi. Ndani ya wiki chache yuko alipokuwa, safari hii akiwa na mkao mzuri. Aliyetoka kuumwa malaria au kukaa nje mwezi mzima ashuke zaidi ya hapo. Siku moja mbaya peke yake haitoshi kubadilisha mpango mzima. Siku hiyo apunguze amalize, wiki ijayo ajaribu tena.

Lakini hapa ndipo timu zetu nyingi zinapokosea, kwa maoni yetu. Mechi zikibanana, wanafuta gym kabisa. Kumbuka Simba ya Mei na Juni 2025: fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane, mechi moja Morocco na nyingine Zanzibar, halafu viporo vya ligi vinawasubiri nyumbani. Ratiba ya namna hiyo inamshawishi kocha yeyote aseme vyuma tutavikuta msimu ujao.

Norway tena wanatupa jibu. Mwaka 2011 ulitoka utafiti wa wachezaji wa kulipwa waliofanya maandalizi ya wiki 10 wakinyanyua mara mbili kwa wiki. Ligi ilipoanza, kundi moja likaendelea mara moja kwa wiki, jingine mara moja kila baada ya wiki mbili. Baada ya wiki 12, kundi la kwanza lilikuwa bado na nguvu zake na kasi yake ya mita 40. La pili vyote vilishuka. Yaani kipindi kimoja tu kwa wiki kinatosha kulinda kilichojengwa, lakini ukikiruka unalipa.

Kwa hiyo msimu ukiwa umechanganya, cha kwanza kupunguza ni idadi ya seti, uzito ufuate baadaye. Aliyekuwa anapiga seti nne apige mbili, chuma kikiwa bado kizito cha kutosha ila anakimudu vizuri, na akiondoka gym awe anajisikia angeweza kuongeza nyingine. Siku nayo ina maana. Maumivu ya misuli baada ya chuma kizito huwa hayafiki kileleni siku ile ile. Yanakuja kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Mechi ikiwa Jumamosi, kazi nzito ifanyike Jumanne. Anayembebesha mchezaji mzigo Alhamisi anacheza na mkataba wa mwenzake. Kwenye wiki ya mechi mbili, au timu ikiwa imetoka Dar hadi Mwanza kwa basi, zaidi ya kilomita 1,100, hapo uzito nao ushuke bila ubishi. Mwezi wa Ramadhani vivyo hivyo kwa wanaofunga: seti chache, na ikiwezekana baada ya futari.

Wengi bado wana picha ya Adebayo Akinfenwa wa Wycombe, mwili kama kabati, aliyestaafu 2022. Tulimpenda wote. Lakini beki wa pembeni anayetakiwa kupanda na kushuka dakika 90 kwenye jua la saa kumi hahitaji kifua kile, na wala hakuna skauti anayeuliza kijana anasukuma kilo ngapi kwenye benchi.

Tunachotaka klabu zifanye hakihitaji mdhamini. Kocha wa viungo apewe mamlaka ya kusema toa sahani, na neno lake lisipingwe na nahodha wala kiongozi aliyekuja kuangalia mazoezi. Kila mchezaji, kuanzia timu ya vijana, awe na kurasa zake kwenye kaunta buku: tarehe, uzito, marudio, amelala vipi, anaumwa wapi. Kocha mkuu akitaka kujua kwa nini straika wake Jumanne amebeba 90 badala ya 100, ajibiwe kutoka kwenye kurasa hizo, siyo kutoka kwa wanaomcheka pembeni.