Kuzama ni rahisi, kazi ni kuibuka

Fundi baiskeli akitaka kujua tyubu inavuja wapi, hapotezi muda kuikodolea macho. Anaijaza upepo, anaizamisha kwenye karai la maji, anangoja. Kiputo kimoja kikipanda, ubishi umekwisha. Huko Ujerumani, Uingereza na Marekani kuna watu wazima, wengine wastaafu, wanaoinamia beseni la kuogea kwa kazi hiyohiyo. Ila wao hawazamishi tyubu. Wanazamisha nyambizi ya plastiki inayoendeshwa kwa redio, ambayo wameikalia mezani kwa miezi kadhaa.

Majirani husema wazee hao wamerudi utotoni. Majirani wamekosea. Kuunda nyambizi ndogo inayopiga mbizi kweli ni shule ngumu ya ufundi, na kufufua iliyokwisha kufa ndilo darasa la juu kabisa la shule hiyo.

Lugha yetu yenyewe inaeleza kwa nini. Jiwe huzama, mtu hupiga mbizi, na anayepiga mbizi ameahidi kurudi juu. Meli ya mfano ikielea, fundi anapumua. Ndege ya mfano ikizimika, itaanguka mahali panapoonekana. Nyambizi ya mfano inatakiwa iende mahali ambapo mwenyewe hawezi kuishika, pengine hata kuiona, ikae huko bila kugusa tope, kisha iibuke inapoitwa. Kuzama tu, hata sufuria inaweza.

Chukua boksi moja linalojulikana sana kwa mafundi hawa: lile la Revell la nyambizi ya Kijerumani aina ya VIIC, kwa kipimo cha 1 kwa 72. Nyambizi ya kweli ilikuwa na urefu wa mita 67. Ya mezani ina sentimita 93. Ile ya kweli ilikuwa na tani 769 ikiwa juu ya maji na tani 871 ikiwa chini. Tofauti yake, tani 102, ni maji iliyoyameza ili ijifiche. Kwa kuwa urefu, upana na kimo vyote vimepungua, tofauti hiyo inagawanywa kwa 72 mara tatu, na jibu ni gramu 273 hivi. Kwa hesabu hiyo, kinachotenganisha nyambizi ya mezani inayoelea na ile iliyofunikwa na maji hakijazi chupa ya soda ya mililita 300.

Kazi yote imo ndani ya chupa hiyo. Wapo wanaovuta na kutema maji kwa pampu. Wapo wanaoyasukuma nje kwa gesi. Wengine huweka pistoni inayosukumwa na mota, mfano wa bomba la sindano la nesi.

Jambo linalomshangaza mgeni zaidi ni kwamba ganda la chombo hiki huvuja kwa makusudi. Fundi wa jahazi hutia kalafati kila mshono ili tone lisipite. Fundi wa nyambizi hushika drili na kuyatoboa matundu moja baada ya jingine ili maji yaingie na kutoka bila kizuizi, kama yalivyofanya kwenye ganda la nje la nyambizi ya kweli. Kinachobaki kikavu ni bomba moja la plastiki angavu lililolala ndani, lenye mota, betri na kipokezi cha redio, na katikati yake chumba cha kumeza maji. Hatari iko pale ufito wa propela unapotoka nje ya bomba. Hapo pamekaa ringi ndogo ya mpira iliyopakwa grisi. Unywele mmoja ukinaswa chini yake, kipokezi kinaweza kufa siku hiyohiyo.

Kisha huja farumi. Manahodha wa pwani wanaijua: mawe au mchanga unaotiwa chini ya chombo ili kisiyumbe. Mjenzi wa nyambizi hufunga vipande vya povu gumu nje ya ganda kwa rababendi, akaongeza punje za risasi upande wa chini. Anasogeza kipande sentimita moja kuelekea omo, anatazama, anakirudisha tezi kidogo. Povu hukaa juu, risasi chini, la sivyo chombo kitageuka tumbo juu kama samaki mfu. Akiridhika ndipo anavigundisha ndani. Na hata hapo hajamaliza. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji baridi kwa asilimia mbili na nusu hivi, kwa hiyo nyambizi ya kilo 2.3 iliyosawazishwa vizuri bwawani itahitaji gramu 58 nyingine ikipelekwa pwani. Bila hizo itagoma kushuka.

Redio nayo ina kisa chake. Rimoti za kisasa hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, jirani na Wi-Fi ya nyumbani, na maji huyameza mawimbi hayo karibu mara tu yanapogusa uso wake. Seti za zamani za megahezi 40 barani Ulaya, au 75 Marekani, hupenya mita kadhaa za maji baridi. Ndiyo maana wajenzi wa nyambizi huzisaka seti ambazo wenzao wa modeli nyingine wamezitupa. Chumvi huzishinda hata hizo, na kwa mchezo huu mtu wa Mwanza au Kigoma, mwenye ziwa mlangoni, amebahatika kuliko mtu wa Mombasa. Fundi makini huongeza kifaa kimoja: mawimbi yakikatika, tangi linatema maji lenyewe na chombo kinapanda. Asiyekiweka ataishia kuvua nguo na kuingia bwawani.

Yote hayo ni kwa chombo kipya. Modeli ya miaka ya 1990 iliyolala darini huja mezani na maradhi yake: betri zilizovuja na kuacha unga wa kijani kwenye waya, ringi zilizokauka, gundi inayokatika kama biskuti, na tabaka za rangi za kila mmiliki aliyepita. Kampuni ya Robbe ya Ujerumani, iliyokuwa ikiuza modeli maarufu ya Seawolf, ilifilisika mwaka 2015, hivyo kupata vipuri vyake huenda kusiwe rahisi. Mfufuaji akikuta Seawolf haina tangi asidhani limeibiwa. Chombo hicho hushuka kwa mwendo, mapezi yakikisukuma chini mfano wa tiara iliyogeuzwa, na mota ikizimika kinaelea chenyewe. Mwenye boksi jipya hufuata karatasi ya maelekezo. Mfufuaji analazimika kwanza kuelewa aliyetangulia alikuwa anawaza nini, hata alipokosea. Ndiyo sababu anastahili heshima zaidi.

Kuna pingamizi zito kuliko hilo la utoto. VIIC haikuundwa kwa ajili ya kuogelea. Ilikuwa chombo cha kuua, na Afrika Mashariki haiko mbali na habari hiyo. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa torpedo na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika chache tu. Watu 1,297 walikufa, wakiwamo mamia ya askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Siku hiyohiyo manowari za Uingereza ziliiangamiza I-27. Waliokuwa ndani ya nyambizi za Ujerumani nao hawakuwa salama: kati ya mabaharia 40,000 hivi, takriban 30,000 hawakurudi.

Je, mtu aache kuunda modeli ya chombo cha namna hiyo? Hapana. Lakini asiifanye pambo. Mjini Laboe, karibu na Kiel, nyambizi U-995 imesimama ufukweni kama makumbusho tangu mwaka 1972, na wajenzi huenda kuitazama ili wajue kila tundu lilikaa wapi. Anayehesabu matundu kwa uaminifu huo ahesabu na watu. Kila modeli iwekewe kibao kinachotaja chombo chenyewe, meli kilizozamisha, na mwisho wa waliokuwa ndani. Isiyo na kibao hicho haijakamilika, hata rangi yake ingekuwa safi namna gani.

Litabaki suala la gharama, na ni kweli kwamba boksi la nje, redio na betri ni mzigo kwa mfuko wa mwalimu. Lakini kinachofaa kuigwa hapa kwetu ni elimu iliyomo, nayo ni rahisi. Mwanafunzi wa sekondari anaitaja kanuni ya Archimedes kwa kukariri, na wengi humaliza shule bila kuona kitu kikishuka na kupanda kwa amri yao. Vyuo vya ubaharia vya Dar es Salaam na Mombasa vingeweza kuwapa wanafunzi wao shindano la kila mwaka la kuunda kitu kinachopiga mbizi na kurudi, kwa vifaa vya dukani.

Shule hazina haja ya kusubiri shindano. Chupa ya plastiki ijazwe maji hadi pomoni. Kifuniko cha kalamu kizibwe kitundu chake cha juu, kitiwe kidonge cha udongo kwenye kishikizo hadi kielee kwa shida, kisha kitumbukizwe humo mdomo ukiwa chini na chupa ifungwe. Chupa ikibanwa kinashuka, ikiachiwa kinapanda. Mwalimu anaweza kuanza Jumatatu.