Deki ya Kanda Zote Haitoshi

Kila msimu wa likizo unapokwisha na watu wakarudi kutoka Dar es Salaam, Mombasa, Bukavu au Muscat, meza ya jarida hili hupokea swali lile lile: nimetoka na diski nyumbani, hapa Ohio haichezi, ninunue deki gani? Jibu ambalo wengi wameshapewa na jirani au muuza duka ni fupi: tafuta deki ya kanda zote. Si jibu la uongo, ila ni nusu ya jibu, na ile nusu isiyosemwa ndiyo inayowapotezea wenzetu fedha.

Tuanze na hizo kanda. DVD zilipoingia sokoni, Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997, kampuni kubwa za filamu zilitaka ziendelee kuuza filamu moja kwa tarehe tofauti na bei tofauti kila upande wa dunia. Basi dunia ikagawanywa na kila sehemu ikapewa namba. Marekani na Kanada zikapata 1. Ulaya Magharibi, Japani, Afrika Kusini na nchi za Ghuba zikapata 2. Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo na sehemu kubwa ya Afrika zikawekwa kwenye 5, pamoja na India na Urusi. Deki ya kawaida inayouzwa Columbus inaikubali namba 1 peke yake. Ukiipa filamu ya Hollywood iliyonunuliwa London au Dubai, inaandika kwenye kioo kwamba ukanda si wake, na hapo safari imeishia.

Lakini wangapi kati yetu wanasafirisha filamu za Hollywood kutoka Dar? Tunachobeba ni harusi, maulidi, kaswida, kwaya, taarabu na filamu za Bongo za enzi za mwigizaji Kanumba. Diski hizi kwa kawaida hazina namba ya ukanda hata kidogo. Namba hiyo huwekwa kwa makusudi diski inapotayarishwa, na mpiga video wa Tanga anayechoma harusi kwenye DVD tupu hana sababu ya kumfungia mteja wake. VCD nazo, ambazo bado zimejaa makabatini kwetu, hazikuwahi kuwa na namba hiyo tangu zilipobuniwa. Ukiona diski ya nyumbani imekataa hapa, mara nyingi tatizo liko kwenye mfumo wa picha.

Afrika Mashariki na Ghuba zinatumia mfumo wa PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Marekani na Kanada zilikulia kwenye NTSC, yenye mistari 525 na picha karibu 30 kwa sekunde. Zanzibar, iliyokuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970 wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 kupata kituo chake cha kwanza, ilianza na PAL, na wapiga video wa pwani nzima wamefanya kazi ndani ya mfumo huo tangu enzi za kanda za VHS. Jamaa zetu walioko Uingereza, Uswidi au Ujerumani hawalijui sana tatizo hili kwa sababu huko nako ni PAL. Sisi wa upande huu wa bahari ndio tunaoumia.

Dalili zake si ngumu kuzitambua. Kwenye televisheni ya zamani, picha inapanda juu bila kutulia, au inakaa lakini imepoteza rangi, huku sauti ikisikika vizuri kabisa. Kwenye televisheni bapa iliyounganishwa kwa waya wa HDMI, kioo kinabaki cheusi au kinaleta maneno kwamba hakuna mawimbi, ingawa deki yenyewe inahesabu dakika bila wasiwasi. Hapo diski ni nzima na inasomwa. Ni televisheni inayokataa picha ya hezi 50 kwa sababu imezoea 60. Watu wametupa diski nzima wakidhani zimeharibika, na hilo linatuuma kulitaja. Kuna dalili nyingine inayowachanganya wengi: filamu ya Kihindi iliyonunuliwa duka lile lile la Kariakoo inacheza vizuri, ya Bongo inagoma. Sababu ni kwamba DVD nyingi za filamu za Kihindi hutolewa kwa NTSC, bila kufungwa ukanda.

Kwa hiyo unapokwenda kununua, swali la kwanza lisiwe kanda. Uliza: deki hii inageuza PAL kuwa NTSC, na kwenye HDMI inatoa picha ya hezi 60 hata diski ikiwa ya PAL? Muuzaji asipojua, omba kijitabu chake au soma maelezo kwenye boksi. Zipo deki zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni za kanda zote, na kweli zinafungua kila diski, lakini zinaitoa picha vile vile ilivyo. Mwenye televisheni isiyopokea PAL atakuwa amenunua mzigo. Deki nzuri inayofanya yote mawili si ghali. Nyingi huuzwa kati ya dola 40 na 70, na kwa harusi na filamu za nyumbani hakuna haja ya kuvuka hapo.

Ukishafika nayo nyumbani, usiikimbilie diski kwanza. Ingia kwenye mipangilio kwa rimoti, tafuta sehemu ya aina ya televisheni. Mara nyingi utakuta machaguo ya PAL, NTSC na "Auto" au "Multi". Wengi huiacha kwenye "Auto" kwa sababu neno linatia moyo, lakini hapo ndipo deki hutoa picha kama ilivyo kwenye diski bila kuigeuza. Weka NTSC. Tumeshaona deki iliyokuwa tayari imefungwa kwenye boksi irudishwe dukani, ikaponywa kwa kubonyeza kitufe hicho kimoja.

Na kabla ya kununua nyingine, ijaribu uliyonayo. Deki nyingi za bei ndogo zina menyu iliyofichwa: unafungua trei, inabaki wazi bila diski, unabonyeza tarakimu fulani kwenye rimoti, na kioo kinaonyesha namba ya ukanda ambayo unaweza kuibadilisha, mara nyingi kuwa 0 au 9 kwa maana ya kanda zote. Tarakimu hizo hutofautiana kwa kila modeli, kwa hiyo tafuta kwa jina na namba iliyoandikwa mgongoni mwa deki yako.

Huko huko mgongoni soma pia habari ya umeme. Ikiwa imeandikwa volti 100 hadi 240, inafanya kazi hapa na nyumbani, unachohitaji ni plagi tu. Ikiwa imeandikwa 120 peke yake, usimpelekee mama Morogoro zawadi hiyo, kwa maana umeme wa kule utaiunguza siku ya kwanza.

Kwa asiyetaka kununua deki kabisa, njia rahisi kuliko zote ni kompyuta. Kioo cha kompyuta hakijali PAL wala NTSC. Ukiwa na kompyuta mpakato, kisomaji cha DVD cha nje cha kuchomeka kwa USB na programu ya bure ya VLC, karibu diski zote za nyumbani zitafunguka, VCD zikiwemo. Waya wa HDMI ukitoka kwenye kompyuta kwenda kwenye televisheni, familia nzima inaona. Angalizo moja: kompyuta ikikuuliza kama ubadilishe ukanda wa kisomaji, usikubali ovyo, kwa kuwa visomaji vilivyotengenezwa tangu 2000 vinaruhusu mabadiliko matano tu, kisha vinajifunga. Kuhusu Blu-ray, hatuoni sababu ya kumshauri mtu wa jumuiya hii alipe zaidi. Diski zetu si za aina hiyo, na baadhi ya deki mpya za Blu-ray hazisomi hata VCD.

Wapo watakaosema zama za diski zimepita. Kwa upande wa biashara ni kweli: Samsung ilitangaza mwaka 2019 kwamba haitaleta tena deki mpya za Blu-ray Marekani, Netflix ilifunga huduma yake ya DVD za posta Septemba 2023, na maduka ya Best Buy yameacha kuuza filamu za diski. Filamu nyingi za Bongo za zamani zimepandishwa YouTube. Lakini harusi ya dada yako haiko YouTube. Hotuba ya babu siku ya arobaini, watoto wa madrasa wakisoma mbele ya mudiri, kwaya ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla familia hazijatawanyika Marekani nzima: hivyo vipo kwenye diski moja tu, nayo imechomwa kwenye plastiki yenye rangi inayofifia kwa joto na jua. Deki tunayoitafuta leo tunaihitaji kwa kazi ya mwisho, ya kuzitoa picha hizo humo wakati bado zinasomeka.

Kwa sababu hiyo tunaiomba kamati ya jumuiya ifanye jambo moja mwaka huu. Inunue deki moja inayogeuza PAL, visomaji viwili vya USB na hifadhi mbili za nje za terabaiti 1 kila moja. DVD moja ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7, hivyo hifadhi moja inachukua karibu diski 200, na ya pili inakuwa nakala yake, ikae nyumba nyingine. Tuteue Jumamosi moja ukumbini, tunakili harusi, ibada na sherehe, vitu ambavyo ni mali ya familia zenyewe. Filamu za wasanii tusizinakili. Wamezitolea jasho, tuzitazame na tuzinunue.

Watakaoleta diski wazilete ndani ya kasha, bila kubandika karatasi juu yake, kwa kuwa karatasi huifanya diski iyumbe inapozunguka na gundi yake huiharibu. Jina la familia liandikwe kwenye kasha. Tunawaomba pia wazee wafike siku hiyo, akina bibi hasa, kwa sababu kwenye picha hizo kuna nyuso ambazo vijana hawazijui, na tutahitaji mtu wa kukaa na daftari kuandika nani ni nani. Vijana wanaoweza kukaa na kompyuta kutwa nzima wampe katibu majina yao kabla ya mkutano ujao.