Neno la Mhariri: Harrier Kabla ya Kufika Muleba

Harrier iliyotoka kiwandani mwaka 2003 ilibeba nembo ya ndege mbele, kwa sababu Toyota ililiita gari hilo kwa jina la ndege wa jamii ya mwewe. Watanzania hawakushughulika na ndege. Walilitazama kwa nyuma, wakaziona zile taa, wakaliita “tako la nyani”. Toleo la 2013 lilipoanza kuingia nchini nalo likabatizwa Anaconda. Leo dalali wa Bukoba akitupia tangazo kwenye WhatsApp anaandika jina la mtaani tu, na mnunuzi aliyeko Muleba anajua papo hapo ni umbo gani na la miaka ipi. Toyota haikukaa kikao kwa ajili ya majina hayo.

Toleo hili la jarida linahusu vikao vyenyewe: jinsi kampuni za magari ya kifahari zinavyopanga magari yajayo na kuyapa majina. Msomaji wa Kagera anaweza kuuliza yanamhusu nini. Yanamhusu sana, kwa kuwa gari la kifahari linaloingia mkoani humu mara nyingi limeshatumika kwingine, na mambo yake mengi yaliamuliwa miaka 15 au zaidi kabla halijapandisha mlima wa Kamachumu.

Tuanze na majina. Kila kampuni ina mila yake. Rolls-Royce hupenda mizimu na vivuli: Phantom, Ghost, Wraith, Spectre. Ilipotengeneza gari la kupanda milima mwaka 2018 ikaliita Cullinan, jina la almasi ya karati 3,106 iliyochimbwa Afrika Kusini mwaka 1905. Maserati huazima majina ya upepo, kama Ghibli, Levante na Grecale. Wajerumani wao hukimbilia herufi na tarakimu, na ndiko wanakojikwaa. Mwaka 2015 Mercedes-Benz ilipanga upya majina yake, ML ikawa GLE. Baadaye Audi ikatangaza kwamba namba shufwa zitakuwa za magari ya umeme na namba witiri za magari ya mafuta, hivyo mrithi wa A4 akaitwa A5. Februari 2025 ikaufuta mpango huo, kwa kuwa ulikuwa umewachanganya watu. Porsche 911 nayo ilionyeshwa kwanza kama 901. Peugeot ikadai kuwa namba zenye sifuri katikati ni zake, na mwaka 1964 jina likabadilishwa. Mitsubishi ilibidi iiite Pajero kwa jina la Montero katika nchi zinazozungumza Kihispania, ambako Pajero ni tusi.

Majina yana vituko, lakini ratiba ndiyo inayofika mfukoni. Gari jipya huchukua takriban miaka minne au mitano tangu mchoro wa kwanza hadi dukani. Likishaingia sokoni hukaa miaka sita hadi minane, na katikati hubadilishiwa taa na bampa ili lionekane jipya. Japani ina ukaguzi wa lazima, wa kwanza baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama zake huwafanya wengi wauze mapema. Hapo ndipo gari linapoanza safari ya mnada, meli, bandari ya Dar es Salaam, kisha barabara ya kilomita zipatazo 1,400 hadi Bukoba. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Uganda, jirani wa ng’ambo ya Mutukula, ilifunga mlango mwaka 2018 kwa yaliyozidi miaka 15. Tanzania inayapokea magari ya zamani, ila inayaongezea ushuru wa uchakavu.

Harrier yenyewe ni mfano mzuri wa mipango hiyo. Ilizinduliwa Japani mwaka 1997, na mwaka uliofuata Marekani ikauziwa gari hilohilo kwa jina la Lexus RX 300. Japani haikuwa na maduka ya Lexus hadi 2005, kwa hiyo nembo ya Lexus ilibaki kwa wageni. Aliyenunua Harrier ya miaka hiyo Bukoba ana Lexus uani kwake. Land Cruiser Cygnus nayo nje iliitwa Lexus LX 470.

Fundi gereji hayo hayamsumbui. Anafungua boneti, anasoma kibati, anauliza: ni 2AZ au 1MZ? Ya kwanza ina silinda 4 na plagi zake zimekaa juu, unazifikia bila shida. Ya pili ina silinda 6, na plagi tatu za nyuma zimejificha upande wa dashibodi. Ili kuzifikia mara nyingi inabidi afungue sehemu ya juu ya injini. Ni Harrier zote mbili, jina moja na nembo moja, ila bili mbili tofauti.

Ndiyo maana habari kubwa ya miaka hii haiko kwenye majina, iko chini ya boneti. Mwaka 2020 Bentley iliahidi kuuza magari ya umeme pekee ifikapo 2030. Baadaye ikasogeza hadi 2035. Mercedes-Benz nayo ilitoa ahadi ya namna hiyo mwaka 2021, kisha 2024 ikarudi nyuma. Kampuni zinasitasita, lakini betri haijaondoka kwenye meza zao za michoro. Harrier ya haibridi, inayotumia mafuta na betri, ilikuwepo Japani tangu 2005. Mnada unaoliletea soko letu magari hauchagui. Unaleta kilichouzwa kule miaka kumi iliyopita.

Msimamo wa jarida hili ni kwamba Kagera isisubiri. Chuo cha VETA cha mkoa, kilichojengwa Burugo kwa msaada wa China na kuzinduliwa 2022, kiyape mafunzo ya betri na mifumo ya haibridi uzito uleule wa injini za dizeli. Na wewe msomaji, kabla hujatuma pesa ya Anaconda, omba picha ya kibati cha injini na namba ya chesisi, uliza kama ni haibridi, kisha ingiza mwaka wa gari kwenye kikokotoo cha TRA ujue ushuru wake. Ukishapata majibu hayo, yapeleke kwa fundi wako kwanza, ndipo umpigie dalali.