Elfu Tano za Kubonyezewa KUCCPS

Wallahi nimechoka. Hapa Airport, mtoto akipata C+ tu, "mshauri" ashamkalia mamake: leta elfu tano, udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi uhakika. Uhakika gani? Kozi ile yataka pointi za klasta zaidi ya 40 kati ya 48, na hakuna mshauri awezaye kukuongezea hata moja. Pointi zako na za walioingia juzi zimo kwenye akaunti yako ya KUCCPS. Yeye alipa 1,500, abonyeza, basi!

Mimi nilichaguliwa kozi nisiyoijua, paswadi akakaa nayo yeye. Mwaka wa pili nikaacha. Deni la mkopo ninalo.

Nunua bando, kaa na mamako, bonyeza mwenyewe. Paswadi usimpe mtu.